Mahindi Niliyoyapanda Mimi

Niseme mapema, kabla mtu hajaanza kunitafutia sababu: mimi ndiye niliyeanza kukimbia. Si bwana shamba, si serikali, si majirani wa upande wa bondeni ambao mpaka leo tukikutana njiani tunasalimiana huku kila mtu anaangalia ndala zake. Mimi. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupambana na mnyauko kwenye kitongoji chetu huku Nyakasimbi. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na filimbi ya shule, na mdomo ninao, maana mwalimu wa shule ya msingi hakosi mdomo. Siku mstari ulipovunjika, wa kwanza kutoka alikuwa mwenye filimbi.

Mnyauko ni ugonjwa wa migomba. Unaanza na jani moja kulegea na kuwa la njano wakati mengine bado ni kijani, unajipa moyo kwamba ni jua. Baada ya siku chache ua linakauka, mkungu unaiva kabla haujakomaa, ukimenya ndizi unakuta ndani ni ya kahawia na inanuka. Dawa hakuna. Kuna kazi tu: kuvunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, kung'oa shina lililougua mpaka mizizi, kupitisha panga kwenye moto kila ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na kurudia hivyo hivyo msimu baada ya msimu, kijiji kizima kwa pamoja. Ukiacha wewe, unammaliza na jirani. Tuliita vita, na sikuona neno jingine la kuita.

Na kibanja si shamba, tuelewane. Shamba unaweza kuwa nalo popote, ukalima ukaondoka. Kibanja kinaanzia mlangoni. Migomba ndiyo inayoizunguka nyumba, chini yake kuna maharage, pembeni mibuni, na katikati wamelala babu na bibi. Mgeni akija anakatiwa ndizi humo humo, hata kabla hajaulizwa amefuata nini.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alirithi kibanja chake kwa baba yake. Ni mtu mfupi, mkavu, msafi kupita kiasi. Akiona jani bovu limening'inia kwenye mgomba wa mtu mwingine anaingia kulitoa bila kuomba ruhusa. Ujanani alikwenda vita vya Uganda akiwa mgambo, kijana ambaye ndevu zake hazijatosha kunyolewa, na aliporudi alinikuta nimezaliwa. Habari za vita hakuzungumza. Watoto wa wenzake walisimuliwa mizinga na vifaru, sisi tukiuliza tulitumwa maji.

Nilipoachika nikarudi nyumbani na watoto wawili, wazee wa ukoo walisema binti aliyerudi anapewa chumba, hapewi migomba. Tata aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akawaambia kibanja ni chake, kamba ya kupimia ni yake, na mwenye hasira akanywe maji ya mtungi, upo pale kona. Siku ileile alinikatia upande wa juu, migomba themanini na kitu, akaniambia nianze kwa kutoa majani makavu.

Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja na kila mtu alikijua, maana alikitamka kila mwaka mpya tukitoka kanisani: amalize siku zake akila ndizi za kibanja chake, asinunue sokoni hata mkungu mmoja. Msidhani ni jambo dogo. Huku kwetu mwanamume mwenye kibanja akionekana sokoni Omurushaka anapatana bei ya mkungu wa kupeleka nyumbani, watu wanamwonea huruma, na huruma ile inauma kuliko matusi. Kwa hiyo mnyauko ulipoingia kijijini, mimi nilikuwa napigania hicho: chakula cha baba yangu kitoke kwake, mpaka mwisho. Nilijiapiza hivyo na sikumwambia mtu.

Msimu wa kwanza tulipigana kwelikweli. Alhamisi ilikuwa siku ya kung'oa. Nikitoka shule napuliza filimbi barabarani, watu wanatoka na majembe, tunaanza nyumba ya kwanza tunamalizia ya mwisho, na wajane tunawang'olea bila kuwasubiri waombe. Tata hakuwa mtu wa kungoja filimbi. Alikuja kwangu mapema, anakaa kizingitini na kijiti chake, ananisubiri nivue viatu vya shule nivae vya shamba. Alikuwa ananitania kwamba jenerali kachelewa, adui kapita wakati jenerali anasahihisha hesabu za darasa la nne.

Kilichotutesa zaidi hakikuwa kung'oa. Kilikuwa mapanga. Kwetu ukienda kwenye msiba au harusi unakwenda na panga lako, unaingia kibanjani kwa wenye shughuli, unakata ndizi za kupikia watu na majani ya kutandika. Hivyo ndivyo jirani anavyojulikana ni jirani. Sasa kumwambia mtu kama huyo apitishe panga lake motoni kabla hajagusa mgomba, ni kama kumwambia anawe kwanza ndipo umpe mkono. Lakini mapanga hayohayo ndiyo yaliyokuwa yanabeba ugonjwa nyumba hadi nyumba, tena siku watu wanapopendana. Nikatangaza kwamba mapanga ya wageni yabaki barabarani, kila nyumba ikatwe kwa panga lake lenyewe.

Kwenye harusi moja mkwe wa watu, mtu mzima na koti lake, akapita na panga kana kwamba sheria ile iliandikwa kwa wengine. Nilimsimamisha mbele ya wakwe wote nikamwonyesha moto. Alilipitisha pande zote mbili, akalifuta kwa jani, akaondoka bila kula. Nilisemwa mwaka mzima, kwamba mwalimu amefukuza mkwe, kwamba ndiyo maana hata ndoa ilimshinda. Nisidanganye, yale maneno yaliniuma, lakini pia nilijisikia mtu. Kipindi kile ukinigusa kuhusu mnyauko ungedhani nimezaliwa kambini.

Msimu wa pili mashina ya kung'oa yalipungua, yakaongezeka, yakapungua tena. Msimu wa tatu ndio uliotuvunja. Ukipigana na mtu unamwona anachechemea, unajua umempata. Mnyauko hauchechemei. Unang'oa huku, unachomoza kule, na hakuna anayeweza kukuambia kama umebakiza mwezi au miaka kumi. Alhamisi watu wakaanza kupungua. Huyu ana mgonjwa, yule ana kikao cha ushirika, mwingine jembe lake limevunjika mpini tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nawafokea. Nilikuwa nawaandika majina kwa kalamu nyekundu kama watoto watoro. Hakuna aliyejua kwamba na mimi nikipuliza ile filimbi nilikuwa natamani isisikike.

Basi asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zinakaribia, nilitoka nje kupiga mswaki. Karibu na mlango wangu palikuwa na mgomba nilioupanda upya mwenyewe, baada ya kupumzisha shimo muda wote tulioambiwa, kwa chipukizi safi lililoletwa kutoka Nyabiyonza. Jani lake moja lilikuwa limelegea. Nilisimama pale na mswaki mdomoni mpaka povu likakauka. Sikulia, na afadhali ningelia. Nilichosikia ni kuchoka tu, ule uchovu ambao mtu hata hasira hana. Nikasema moyoni, basi. Hata sikulifuata lile jani kulitazama kwa karibu.

Jumatatu nikawaita vibarua wawili wakafyeka upande wangu wote. Wote, nasema. Migomba iliyougua ilikuwa saba au minane. Iliyobaki ilikuwa mizima, mingine na mikungu yake imeinama, na mmoja wa wale vibarua aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimjibu vibaya. Jumatano gari dogo likaja kutoka Omurushaka likashusha mbegu za mahindi na magunia ya mbolea barazani kwangu, mchana kweupe, saa ambayo watu wanapita kwenda kisimani. Waliniuliza, nikawaambia napumzisha udongo. Na kitabuni lilikuwa jibu sahihi, kwa sababu bwana shamba mwenyewe alitufundisha kwamba palipong'olewa papandwe mahindi au maharage kwanza. Hakuna ambaye angeweza kunikosoa. Lakini watu wale wamezaliwa katikati ya migomba, wanajua shina zima na shina gonjwa hata likiwa limelala chini. Walitazama, wakasema haya mwalimu, wakaenda zao kuchota maji.

Kesho yake, Alhamisi, nilipuliza filimbi. Sijui nilifikiri nini. Labda nilifikiri kwamba mimi ni mimi na kazi ni kazi, kwamba mtu anaweza kukata tamaa nyumbani kwake na bado akaongoza wenzake barabarani. Walikuja watatu. Tata alikuwa ameshafika kitambo, amekaa kizingitini kama kawaida, ameyapa magunia mgongo. Wiki iliyofuata alikuja peke yake. Wiki iliyofuata hiyo mimi sikupuliza, nilimwambia nina kikao cha walimu, na kikao hakikuwepo. Kabla ya Krismasi nyumba sita zilikuwa zimefyeka. Waliobaki hawakufyeka wala hawakung'oa, waliacha tu migomba ioze imesimama, na hao ndio waliokuwa wabaya zaidi, maana ugonjwa ulikuwa unatoka kwao ukiwa na nafasi na utulivu.

Mtu angesema mashina yalikuwa yaleyale, mapanga yaleyale, moto uleule, mikono ileile. Ndiyo. Hakuna kilichopungua kijijini isipokuwa nia.

Tata aliendelea. Upande wake, peke yake, kila siku. Alivunja maua kwa kijiti, aling'oa, alifukia, alichoma panga mpaka mpini ukawa mweusi. Umri wake ulikuwa umeshavuka sitini. Kila alipong'oa shina moja upande wa mpaka, jirani alikuwa na matatu yanayovuja ugonjwa. Jumamosi nilikwenda kumsaidia, na nilikwenda na kisirani, kwa sababu kumwona akiinama vile kulikuwa kunanishtaki. Mahindi yangu nayo, kwa kunikomoa, yalistawi. Wapita njia waliyasifu. Yeye aliyapita bila kuyatazama, kama mtu anayempita mlevi wa ukoo wake sokoni.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Alikuwa ameteleza kwenye shimo la shina, amekaa chini anatoa tope kwenye goti, nami nikamfokea, baba yangu mzazi, kwamba aache ukaidi, kwamba kijiji kizima kimeona haiwezekani na yeye anajifanya hajaona, kwamba vita imekwisha, anapigana na nani. Nilisema neno hilo, vita. Aliendelea kutoa tope. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, akanisimulia.

Alisema walivuka mpaka wakijua wanakwenda kufa. Waliambiwa mbele kuna kilima ambacho adui amejichimbia, na walikipanda kwa matumbo tangu alfajiri. Walipofika juu hawakukuta mtu. Mahandaki yalichimbwa vizuri kuliko yao. Masanduku ya risasi hayajafunguliwa. Sufuria la maharage liko jikoni, yameiva nusu, kuni bado zinafuka. Na viatu, alisema, viatu vya jeshi vimezagaa kila mahali, kwa sababu watoto wa wakulima wanakimbia vizuri zaidi bila viatu. Wenzake walishangilia. Yeye aliitwa kutafsiri, kwa sababu walimkamata mpishi mmoja wa adui ndani ya kibanja cha watu, na lugha ya yule mpishi na Kinyambo chetu zinasikilizana.

Alimuuliza kwa nini wamekimbia na silaha zote zile. Mpishi akasema mkuu wao hakukimbia. Alikuwepo mpaka siku ya mwisho, anapita handakini anawaambia watafia pale. Ila siku tatu kabla, lori lilikuwa limepita kambini limebeba godoro la mkuu, na cherehani ya mkewe, likaelekea nyuma. Hakuna aliyelizungumzia. Waliendelea kupika, waliendelea kusafisha bunduki. Lakini kuanzia jioni ile kila mmoja alikuwa anasubiri mlio wa kwanza tu, ili apate kisingizio. Tata alisema alimpa yule mtu maji, na alicheka. Alirudi nyumbani miaka ile akiwa bado anacheka moyoni, akidhani ule ni upumbavu wa watu wa ng'ambo.

Alimaliza kutoa tope kwenye goti lake. Kisha akaniangalia.

"Wewe hukusema tumeshindwa, mwanangu," akasema. "Ulishusha magunia tu."

Pale ndipo ningesema samahani. Nadhani tungeweza hata kuanza upya, sisi wawili na wale watatu wa mwisho. Nimelifikiria hilo zaidi ya inavyofaa kwa afya ya mtu. Badala yake nilijitetea. Nilisema yeye hajui kazi ya kuongoza watu wasioongozeka, nilisema mimi si mwanajeshi, nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Nikapangusa jembe nikaenda. Alibaki pale pale chini, nadhani alihitaji mkono wa kumwinua, na sikugeuka.

Baada ya hapo hakuendelea muda mrefu. Msimu uliofuata alikata mkungu wake wa mwisho uliokuwa mzima, akaupika, akaula siku tatu. Siku ya nne alikuja kwangu, hodi mlangoni kama mgeni, akaniomba mbegu za mahindi. Nilimpimia kwenye kibaba. Nyingine zilimwagika, akainama akaziokota moja moja. Alizipanda kwa mstari, kwa usafi wake uleule. Alikula ugali mwaka mzima na hakulalamika, na kila aliposhukuru chakula nilitamani afoke.

Mwaka uliofuata shangazi yangu wa Isingiro, dada yake Tata aliyeolewa huko wilayani Kyerwa zamani, alitualika kipaimara cha mjukuu wake. Tulipanda gari dogo mpaka Nkwenda, kisha pikipiki mbili. Kadiri tulivyosogea, Tata aligeuza shingo huku na huku juu ya ile pikipiki mpaka dereva akamwomba atulie. Kilima chote kilikuwa kijani. Migomba mnene, imetandikiwa nyasi, mikungu imeegemezwa kwa miti ya panda mbili. Tata alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri, akaingia kibanjani kwa dada yake hata kabla ya kumsalimia, akawa anapapasa mashina kwa kiganja. Shangazi alitoka jikoni akakuta mgeni wake hayupo, yumo kwenye migomba.

Tulikula ndizi. Ndizi za maharage, laini, za kumenywa asubuhi ileile. Tata alikula polepole. Alipomaliza alinawa, akamuuliza dada yake huku kwao walitumia dawa gani. Shangazi akashangaa. Akanielekeza kidole mimi: si huyu mwanao? Nikakumbuka. Msimu wa pili aliwahi kunipigia simu akilalamika kwamba mnyauko umewafikia, nami nikamsomea masharti yote kutoka kwenye daftari, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa na kipindi. Alisema waliyafuata hayohayo. Kijiti, moto, kung'oa, mapanga ya wageni barabarani. Hawakuongeza kitu.

Tata akauliza kama hawakuchoka. Shangazi alicheka kwanza. Alisema walichoka, kaka, walichoka mpaka wakaitisha mkutano wa kuacha. Msimu wa tatu huohuo, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Watu wazima walilia pale mkutanoni. Mjane mmoja, tena mwenye kibanja kidogo kuliko wote, ndiye aliyesema maharage yameshapandwa chini ya migomba, na kwa kuwa lazima wataingia humo kuyapalilia, basi waendelee kung'oa mpaka maharage yavunwe, ndipo waache. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia. Wakakubali kwa uvivu tu. Na maharage yalipovunwa, wakapita nyumba hadi nyumba kutafuta shina la kung'oa wakapata mawili, kijiji kizima.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilizihesabu pale pale, sahani iko mapajani, na sikuhitaji karatasi. Kutoka siku magunia yaliposhuka barazani kwangu mpaka siku watu wa Isingiro walipovuna maharage zilikuwa wiki kumi. Mashina yetu siku ile hayakuwa mengi kuliko ya kwao. Mnyauko ulikuwa unakufa, nao haukutuambia, na mimi sikuusubiri. Nilimwangalia Tata nikajua naye amehesabu.

Tulikaa siku mbili. Asubuhi ya tatu nikafunga mizigo, nikamkuta amekaa ukumbini na shati la nyumbani. Akaniambia niende, yeye atabaki. Nilidhani anasema wiki moja. Alisema hapana, atabaki, dada yake ameshakubali, kuna chumba cha nyuma. Mwenye kujua mambo ya kwetu anielewe: mzee mwenye kibanja chake, chenye kaburi la baba yake, kwenda kuhamia kwa shemeji yake, kwenye ukoo wa watu, ni jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona. Huyu ni mtu aliyewaambia wazee wa ukoo wakanywe maji. Na alikuwa anachagua kula cha kupewa, ili tu awe anakula ndizi.

Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia magoti tangu nilipokuwa mwari wa harusi. Nikasema lile samahani nililochelewa nalo, nikasema nitang'oa mahindi yote, yangu na yake, nitachukua machipukizi kwa Shangazi leo leo, nitakwenda nyumba hadi nyumba na kila mtu nitamwambia ukweli, nitapuliza tena filimbi. Arudi tu. Tutaanza wawili.

Alinishika mkono akaniinua. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo nililoshindwa kulibeba.

"Wewe panda, mwanangu," akaniambia. "Mimi nilikusubiri Alhamisi nyingi."

Shangazi alinifungia machipukizi kumi na mawili kwenye gunia, na dereva wa pikipiki akalikaza nyuma kwa mpira. Tata alitusindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kama nina maji ya njiani, nikamwambia ninayo.